Kadi Iko Kwake

Hapa kambini ukitaja "nyumba salama" mbele ya wanaume waliokaa kivulini wanacheza karata, hutachelewa kupata jibu: "Ile ni kitu ya wazungu, imekuja na mashirika kuvunja ndoa za watu." Nimelisikia jibu hilo kwa Kibembe, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, maana kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ukalimani kwenye kituo cha wanawake. Mkalimani husema ya wengine, hajibu. Leo naandika ya kwangu, na naandika historia, kwa sababu wengi wanaobishana kuhusu nyumba ile, sisi wakimbizi na wafanyakazi wa mashirika pia, wanadhani ilianza siku walipoiona wao.

Mama kukimbia nyumba yake ni jambo la zamani kwetu kuliko kambi yoyote. Ukimbizi ndio ulioziba ile njia ya zamani. Na kilichoifungua tena, nusu nusu, ni karatasi zaidi kuliko nyumba: kadi ya mgao. Hapo ndipo ninapotaka kukaa muda mrefu.

Kule Fizi, mwanamke aliyepigwa alikuwa na mahali pa kwenda, yaani kwao. Anafunga mtoto mdogo mgongoni, anashika njia kabla hakujakucha, anafika kwa baba yake au kwa kaka yake. Siku ya kwanza haulizwi kitu, anapewa chakula na mkeka. Warundi na Wanyarwanda wana neno lake kabisa, kwahukana, na bibi yeyote wa Kirundi ukimtajia atakueleza mpaka uchoke. Baada ya siku kadhaa, au wiki, wakati mwingine miezi, mume anakuja. Haji peke yake, anakuja na wazee, na haji mikono mitupu. Kwetu Wabembe wanaume wanakaa lubunga, mwanamke anasema, mume anajibu, faini inatajwa: mbuzi, kuku, pombe.

Sitaki kuipamba desturi hiyo. Mara nyingi uamuzi ulikuwa uleule: mama, rudi, vumilia, angalia watoto. Mahari ilikuwa imeshaliwa, pengine kaka yake ameolea mali hiyohiyo, sasa nani arudishe? Watoto walikuwa wa ukoo wa baba, kwa hiyo mama angeweza kukaa kwao mwaka mzima lakini wale wakubwa wangebaki kule. Na ile pombe ya faini waliinywa wanaume. Lakini ndani ya desturi hiyo kulikuwa na kitu ambacho nyumba zetu za leo zinakitafuta bado: muda wote ule mama alikuwa anakula, na mume ndiye aliyelazimika kutembea.

Kisha vita. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Burundi, na Warundi kwa mamia ya maelfu wakavuka mipaka. Mwishoni mwa 1996 ikawa zamu yetu sisi wa Kivu ya Kusini. Uvira, Baraka, Fizi, mitumbwi usiku, Kigoma, halafu malori mpaka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Novemba mwaka ule kwa ajili ya Wakongomani. Mezani pa kuandikisha watu swali lilikuwa moja: mkuu wa familia ni nani? Bwana anataja jina lake. Mke na watoto wanaandikwa chini yake kama idadi, na familia inatoka pale na kadi moja. Kadi hiyo ndiyo unga, ndiyo maharage, ndiyo mafuta, chumvi na sabuni. Ndiyo turubai na kiwanja pia.

Walioandikisha hawakuwa na nia mbaya. Malori yakishuka watu mchana na usiku, familia moja karatasi moja ni hesabu nyepesi. Lakini fikiria mama aliyekuwa na pa kukimbilia kule Fizi. Sasa baba yake amebaki ng'ambo ya ziwa, au alikufa njiani. Kaka yuko Lugufu, kambi nyingine, na kutoka kambini ni lazima kibali. Wazee wa ukoo wametawanyika. Akiondoka kwa bwana wake anaondoka na nguo tu, na mwisho wa safari hakuna sufuria inayomngoja. Kuna maneno niliyoyatafsiri mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi yangu, kutoka midomo ya wanawake wa rika zote: "Nikitoka, batoto batakula nini? Kadi iko kwake."

Basi mashirika yaliliona lini jambo hili? Walichelewa, na walianzia mlango mwingine. Mwongozo wa HCR wa mwaka 1995 kuhusu ukatili wa kingono kwa wakimbizi ulikuwa na macho hasa kwa ubakaji: askari, wanamgambo, jambazi anayewangoja wanawake porini wakienda kuokota kuni. Mwaka 1996 shirika la IRC lilianza kazi katika kambi ya Kanembwa, wilaya ya Kibondo, miongoni mwa Warundi. Naipenda habari ya Kanembwa kwa sababu wanawake wa kambi wenyewe waliingia kwenye kazi ile, wakazungumza na wenzao. Matokeo yake yalishtua watu Geneva: asilimia 26 ya wanawake na wasichana wa miaka 12 hadi 49 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono tangu wawe wakimbizi. Si vitani kule nyumbani. Tangu wawe wakimbizi.

Baada ya hapo vikaja vituo vya kupokelea wanawake, na mara nyingi viliwekwa karibu na zahanati. Hiyo ni akili nzuri, na naamini ilitoka kwa akina mama: mtu akikukuta njiani unasema unampeleka mtoto hospitali, na haudanganyi sana. Wanawake walipokaa kwenye vile viti na kuanza kuzungumza, habari ya porini ilikuwamo, lakini nyingi sana zilikuwa za nyumbani kwao, chini ya turubai la familia. Vituo havikuwa vimejiandaa kwa hilo. Jambazi unaweza kumpeleka polisi. Huyu ambaye jina lake liko juu ya kadi unamfanyaje?

Mwaka 2000 Human Rights Watch walitoa ripoti ndefu kuhusu wakimbizi wa Burundi katika kambi za Tanzania. Waliandika wazi kwamba mwanamke aliyebakwa na mtu baki alikuwa ameanza kupata huduma, lakini yule anayepigwa na bwana wake alirudishwa kwenye mlolongo uleule: kiongozi wa bloku, sungusungu, kisha wazee, wale Warundi wanaowaita abashingantahe. Polisi nao waliliona ni jambo la familia. Ripoti ile ilifika mpaka kwenye kadi: mke anayemwacha mume anaacha na chakula. Wapo waliokasirika kwa sababu ripoti iliwasema wazee wetu vibaya. Mimi nasema wazee hawakugeuka kuwa wabaya. Walikuwa wanahukumu kama kwamba mama bado ana kwao. Kikao cha zamani kilikuwa na ncha mbili, ukoo wa mume na ukoo wa mke. Kambini ncha moja ilikatika, na kikao kikaendelea kama kawaida.

Mwaka uliofuata, 2001, wanawake wakimbizi walialikwa Geneva kuzungumza na HCR, na mwishoni mwa mwaka ule Kamishna Mkuu Ruud Lubbers akatoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Watu wa mashirika wanazijua kwa moyo, au walizijua zamani. Kati ya hizo kuna inayosema wanawake washirikishwe moja kwa moja katika mgao wa chakula, na nyingine inayosema kila mwanamke aandikishwe yeye mwenyewe na apewe hati yake. Si kwa sababu ya ndoa mbaya peke yake, la, lakini kwa wanawake niliowatafsiria hiyo ndiyo ahadi iliyokuwa na uzito kuliko semina zote. Mwongozo mpya wa HCR wa 2003 haukuishia kwenye ubakaji wa porini. Uliutaja na ukatili wa nyumbani.

Nirudi sasa kwa wale wa karata, wanaosema ni desturi ya wazungu. Wazungu wenyewe desturi hiyo hawakuwa nayo mpaka juzi. Nyumba iliyowafanya Waingereza waanze kulizungumza jambo hili hadharani ilifunguliwa mwaka 1971 Chiswick, London, na mama mmoja aitwaye Erin Pizzey. Kilikuwa kijumba cha akina mama wa mtaa kukutana, tena si kwa ajili ya kulala. Wakaanza kuja waliopigwa, wakalala, na hawakufukuzwa. Magodoro yaligusana, mpaka Pizzey akapelekwa mahakamani kwa kosa la kujaza watu kupita kiasi. Kwa nini palijaa vile? Kwa sababu walioingia hawakuwa na pa kutokea. Ndipo mwaka 1976 ikapitishwa sheria ya kumwezesha mke kupata amri ya mahakama dhidi ya mume mpigaji, hata kumtoa nyumbani, na mwaka 1977 sheria ya watu wasio na makazi, ambayo iliwahesabu waliokimbia kipigo kuwa watu ambao serikali ya mtaa ina wajibu wa kuwatafutia nyumba. Yaani hata London nyumba salama ilikuwa inaziba mpaka karatasi ilipopatikana.

Na mwaka uleule wa 1971, hapa Tanzania, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya viboko. Mwaka uleule mmoja! Wakati Chiswick wanatandika magodoro, Dar es Salaam walikuwa wameshaandika katika sheria kwamba kumpiga mke si haki ya mume. Kifungu hicho ni sheria ya nchi tunayokaa, na kinaingia kambini bila kuomba kibali. Nilikitafsiri mara moja kwenye mkutano wa bloku, na mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mama, hiyo sheria iko tangu tulipofika?" Nikamjibu iko kabla hajaoa.

Sasa nyumba yenyewe. Za kambini ninazozijua mimi ni vyumba vichache, uzio, jiko, mlinzi mlangoni, mama wa zamu usiku. Zinaitwa za siri, lakini kambi haina siri. Watoto wakienda kuchota maji wanakuonyesha kwa kidole. Kule Kakuma, Kenya, shirika la JRS liliendesha kimbilio la aina hiyo kwa wanawake na watoto, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa kazi yao kuhusu makimbilio ya namna hii katika nchi nne, Kenya ikiwa mojawapo. Shida waliyoiona kila mahali ilikuwa kutoka. Kuingia ni usiku mmoja, na kutoka kunaweza kuwa miaka.

Kuna sharti moja ambalo sijapata kulizoea. Nyumba nyingi za namna hii hazipokei watoto wa kiume wakishakua, maana wanawake wengine waliolala mle wanaogopa sauti ya mwanaume. Naelewa. Lakini nilikaa na mama aliyekuja na watoto wanne, wa kwanza kijana wa miaka 14, na huyo kijana ndiye aliyekuwa amesimama katikati ya baba na mama usiku ule. Akaambiwa yeye alale kwingine. Wapi kwingine? Kwa baba yake? Mama aliniangalia mimi badala ya kumwangalia afisa, kama kwamba nimetafsiri vibaya. Akafunga khanga yake, akachukua wanne wote, akatoka. Katika daftari aliandikwa kuwa amekataa huduma.

Wanaobaki wanapewa muda, halafu muda unaisha. Mtu wa ofisi anauliza mpango wako ni nini. Kuna kurudi kwa makubaliano mbele ya viongozi, na hii ndiyo inayotokea zaidi. Kuna kuhamishiwa bloku nyingine, ambayo bwana anaifikia kwa dakika ishirini za mguu. Zamani kulikuwa na Mkugwa, kambi ndogo kule Kibondo ya watu wenye hatari maalumu, wengi wao familia za Wahutu na Watutsi waliooana, ambao kambi kubwa hazikuwa salama kwao. Na kuna kuhamia nchi ya tatu, maana HCR wana kundi la wanawake na wasichana walio hatarini.

Hapo ndipo sumu ilipoingia. Tangu watu wajue kundi hilo lipo, mwanamke akienda kituoni na jicho limevimba wanasema "anatafuta kesi". Kesi ya Marekani, kesi ya Canada. Neno GBV limegeuka tusi, "yule ameenda jibivii". Sikatai kwamba wapo waliotunga. Kambi ambayo mtu anakaa miaka ishirini bila kuruhusiwa kulima wala kutembea itazaa watu wa kutunga, wanaume kwa wanawake. Lakini nimekaa kwenye kile kiti, nawaambia wanaokwenda nchi ya tatu kwa njia hiyo ni wachache kabisa, na uvumi umewafunga mdomo wengi mno. Mama anakuja siku ya tano badala ya siku ya kwanza, akiwa amengoja uvimbe ushuke ili majirani wasiseme.

Nimesema karatasi. Tuiangalie inavyotembea. Siku hizi majina ya wote yako kwenye mfumo, alama za vidole zimechukuliwa, na ile ahadi ya 2001 kwa sehemu imetimia: mke anaonekana kama mtu, hata kama yuko kwenye kadi ya mume. Kuitenganisha ndiyo kazi. Barua ya kiongozi wa bloku, ambaye mara nyingi ni rafiki wa bwana. Ofisi ya kwanza inaandika ripoti, ya pili inamwita mume asikilizwe, ya tatu inaamua watoto wakae kwenye kadi ya nani. Halafu wasubiri mzunguko wa mgao upite, kwa sababu katikati ya mzunguko hawagusi orodha. Kila hatua ina sababu yake. Lakini hatua zote zikijumlishwa zinapita siku ambazo mama ameruhusiwa kulala kwenye nyumba salama. Nyinyi mnaosimamia nyumba na nyinyi mnaosimamia orodha mko chini ya bendera moja na mnakunywa chai pamoja. Siku zenu hazijawahi kulinganishwa. Kama ningeulizwa kitu kimoja cha kubadilisha, ningeomba mama asitolewe kwenye nyumba kabla kadi yake haijatoka. Sijaomba jengo jipya. Naomba tarehe mbili ziangaliwe pamoja.

Mwaka 2023 mgao katika kambi za Tanzania ulipunguzwa mpaka nusu, na tangu hapo nasikia watu wakisema kadi haina maana tena, ya nini kugombania nusu ya unga. Wanaosema hivyo ni wale ambao kadi iko kwao. Nusu inayopitia mkononi mwa mtu mwingine huwa inafika robo.

Na ripoti zote nilizotaja, nzuri kama zilivyo, zinaanza kuhesabu mama anapofika ofisini. Kabla ya ofisi kuna mlango wa jirani. Usiku mwanamke hakimbilii shirika, shirika limefunga saa kumi jioni na magari yamerudi mjini. Anakimbilia kwa mama Fulani, wa nyumba ya tatu, au kwa mke wa mchungaji. Huyo ndiye kimbilio la kwanza, na hana uzio wala mlinzi. Bwana akija na panga anapiga mlango wake yeye.

Namjua mama mmoja, Mkongomani, aliyemaliza muda wake kwenye nyumba salama siku ya Ijumaa. Kadi yake ilitoka wiki tatu baadaye. Katikati hapo yeye na watoto wake wanne walikaa kwa mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa na watoto watatu, na kati yao hawakuwa hata na lugha moja nzuri, mmoja Kibembe, mwingine Kirundi, Kiswahili cha kuokotea foleni ya maji. Watu tisa, mgao wa wanne. Siku kadi ilipotoka alipanga foleni kwa jina lake mwenyewe, akapokea unga wa watu watano, na kabla ya kufika kwake alipita kwa yule mama wa Kirundi na kikombe cha plastiki, akaanza kupima alichokopa. Wakabishana hapo, mwenye nyumba anataka kurudisha nusu, yeye anakataa. Kwenye faili lake ofisini kuna mstari unaouliza mhusika alikaa wapi wiki tatu zile. Mtu ameandika: "Kwenye jamii."